Nilivyoipa deki iliyokufa kioo kipya na kuirudishia rimoti yake

Baba yangu hapendi muziki unaokuja na TV. Anataka sebule itulie, kahawa iwe mezani, sabufa iimbe. Kompyuta niliyomfungia, Raspberry Pi 4 (bodi ndogo ya kompyuta) yenye mfumo wa LibreELEC na Kodi, programu ya kuchezea muziki na video, ilibeba nyimbo zote za dansi alizowahi kuwa nazo kwenye kaseti. Lakini kila alipotaka kubadilisha wimbo ilibidi awashe TV ya inchi 43, atafute kipanya, kisha aniite: "Mwanangu, njoo uniwekee ule mwingine." Kuitwa hakukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba mzee huyu zamani aliendesha redio kaseti gizani kwa kupapasa vitufe tu, na sasa anamngoja mtu kwa muziki wake mwenyewe.

Kabatini palikuwa na deki ya DVD iliyokufa mota. Nilitoa matumbo yake yote, nikabakiza kasha na kidirisha cheusi cha mbele. Plastiki ya kidirisha kile hupitisha mwale wa rimoti, na rimoti yake ilikuwa nzima. Niliipima kwa kamera ya mbele ya simu: ukibonyeza kitufe unaona taa yake inapepesa zambarau, ingawa kwa macho matupu huoni kitu.

Nikaenda Kariakoo. Nilitaka kioo kidogo cha kuonyesha jina la wimbo, cha mistari 4, ila kina kimo cha milimita 60 na uso wa deki haukitoshi. Nikachukua cha herufi 16 kwa mistari 2, chenye chipu ya kuandika herufi aina ya HD44780 na kadi ndogo ya PCF8574 mgongoni, ambayo inapunguza waya hadi nne. Nikaongeza kipokezi cha mwale cha TSOP38238, cha kilohezi 38.

Kipokezi hakikunisumbua sana. Miguu mitatu: mmoja kwenye GPIO 18 (moja ya pini za Pi), mmoja ardhini, mmoja kwenye volti 3.3. Katika config.txt, faili la mipangilio ya Pi, niliongeza mstari dtoverlay=gpio-ir,gpio_pin=18. Mwanzoni ir-keytable, programu inayosoma vitufe vya rimoti, ilikaa kimya kwa sababu ilikuwa inasubiri lugha nyingine ya rimoti. Nilipoiambia isikilize nec, lugha ya rimoti hii, kila kitufe kikatoa namba yake. Nikaziandika moja moja kwenye faili: hii KEY_UP, hii KEY_OK, hii KEY_PLAYPAUSE.

Kioo ndicho kilichokula usiku tatu. Kwanza, kinataka volti 5 wakati pini za Pi hazivumilii zaidi ya 3.3, na kadi ile huzivuta waya za data hadi volti 5. Nikaweka kibadilisha volti katikati. Msiruke hatua hii. Bodi ikiungua hairudi.

Nilipowasha, mstari wa juu ulijaa viboksi vyeupe, wa chini ukabaki mtupu. Nikadhani ni mwanga umezidi, nikazungusha ile skrubu ndogo ya bluu nyuma ya kioo hadi vidole vikachoka. Kumbe viboksi vile vina maana yake: kioo kimepata umeme lakini hakijapokea amri zake za kwanza. Amri ya i2cdetect, inayotafuta vifaa vilivyounganishwa kwenye Pi, ilikuwa inakiona vizuri kwenye anwani 0x27, kwa hiyo waya zangu zilikuwa sawa. Tatizo likawa kwenye LCDproc, programu inayozungumza na kioo. Isipoelekezwa, huamini kwamba data inapita kwenye miguu minne ya kwanza ya PCF8574. Kadi yangu, kama nyingi zinazouzwa, imeunganisha data kwenye miguu minne ya mwisho. Dawa ilikuwa kuandika kila mguu kwenye LCDd.conf, faili la mipangilio ya LCDproc: i2c_line_RS=0x01, RW=0x02, EN=0x04, BL=0x08, kisha D4 hadi D7 kuwa 0x10, 0x20, 0x40 na 0x80, kila moja ikianza na i2c_line_ vilevile. Nikawasha upya, na saa ikatokea. Niliita nyumba nzima ije kuitazama.

Baada ya hapo niliweka nyongeza ya XBMC LCDproc ndani ya Kodi, na kwenye LCD.xml nikapanga jina la wimbo juu, mwanamuziki chini. Jina refu linatembea lenyewe. Kioo cha aina hii hakina herufi nyingi za ajabu, lakini Kiswahili hakizihitaji. Hata ng'ombe anaandikika.

Bado mambo mawili. Pi ikiwashwa wakati TV imezimwa, Kodi ilikosa pa kuchora na haikuanza. Nikawasha TV mara moja, nikaendesha amri ya getedid create, ikakariri taarifa za TV. Na kitufe cha kuwashia cha deki nilikiacha bila kazi, kwa kuwa Pi 4 huamshwa kwa GPIO 3, na pini hiyohiyo ndiyo inayopeleka mapigo ya kuratibu data ya kioo. Nilichagua kioo. Mashine inabaki imewaka, inakula wati chache.

Jumapili Baba alikaa kitini, TV imezimwa, akabonyeza kitufe cha kuruka mara tano. Akasogeza miwani, akasoma jina la wimbo kwa sauti, kisha akaniambia mwanamuziki wa wimbo ule nimemwandika kimakosa. Nimekwisha kurekebisha.