Ninavyolitunza gari Malindi, kwenye chumvi na maji ya kisima

Gari lenyewe ni Toyota Probox ya injini ya 1NZ, nalo hulala Malindi mjini, karibu kabisa na bahari. Kwa hiyo siangalii kilomita peke yake. Kusi ikishika, upepo huingiza chumvi hadi chini ya boneti, na vichwa vya betri huliwa mapema.

Kila mwezi natazama kama pameota ungaunga mweupe au wa kijani. Nikiuona, nafungua waya wa hasi kwanza kwa spana namba 10, kisha wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, umeme wote wa betri unapita hapo, na cheche zake si za mchezo. Dawa ni kijiko kimoja cha magadi katika nusu lita ya maji ya moto: namwagia kidogo kidogo, povu linatoka, nasugua kwa mswaki mkuukuu, nasuuza na kukausha. Vifuniko vya seli viwe vimekazwa, maana magadi yakiingia ndani yanaua tindikali. Kurudisha ni chanya kwanza, hasi mwisho, halafu napaka mafuta ya mgando.

Waya unaosahauliwa ni wa erthi, ule wa kutoka betri hadi kwenye bodi na injini. Gari likilia ta-ta-ta bila kuwaka, fundi mwenye haraka atakwambia ununue betri. Pima kwanza kwa mita ya volti. Betri iliyopumzika usiku kucha ikisoma volti 12.6 imejaa, chini ya 12.4 ichajiwe. Kisha gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi chenyewe, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, mwenzako apige stata. Ikizidi nusu volti, erthi imeliwa: ifungue, piga msasa hadi ing'ae, ufunge. Injini ikiunguruma, betri isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, alteneta, yaani mtambo wa kuchaji betri, itazamwe.

Rejeta nayo. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi na chokaa. Chumvi inatoboa aluminiamu, chokaa inajenga gamba kwenye vijia vyembamba, na mshale wa joto unaanza kupanda ukiwa kwenye foleni. Natia kulanti, yaani maji maalumu ya kupozea injini, iliyokwisha kuchanganywa. Ile nzito huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa, yaani ya mvuke, yasiyo na chumvi. Ukinunua maji ya betri kwa kazi hii, hakikisha si tindikali, maana chupa zinafanana. Kifuniko cha rejeta hufunguliwa injini ikiwa imepoa tu. Na kama kulanti inakwenda kwenye chupa ya akiba na hairudi gari likipoa, mara nyingi mpira wa kifuniko umechoka. Badilisha hicho kabla hujalaumu rejeta.

Oili sina mengi ya kusema: lita 3.7 pamoja na filta, kila kilomita 5,000. Bolti ya chini ya kumwagia oili ni namba 14, washa yake, ile ringi ya kuzuia kuvuja, iwe mpya. Paka oili kwenye mpira wa filta, kaza kwa mkono hadi uguse, kisha robo tatu ya mzunguko. Usijaze kupita alama ya juu. Oili ikipigwa na krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, inatoa povu, na povu halilainishi kitu. Filta ya hewa, ukitoka njia za vumbi za huko bara, pulizia kutoka ndani kwenda nje. Upepo wa magurudumu pima asubuhi, kabla jua halijayapasha.

Chini ya gari narashia maji ya bomba, yale yanayoletwa kutoka Baricho, si ya kisima, kila wiki mbili, nikikazia matao ya magurudumu na mirija ya breki. Nikimaliza naendesha kidogo nikikanyaga breki mara tatu nne zikauke. Ukiliegesha zikiwa mbichi na hendibreki umeivuta, asubuhi viatu vya breki za nyuma utavikuta vimenata kwenye ngoma.