Jinsi nilivyotibu kigeuzi cha umeme kilichokuwa kikijizima

Kifaa cha kupima kina cha maji nilichokifunga ziwani karibu na Kirumba, Mwanza, kilikuwa kikizimika kila modemu yake ya simu ilipotuma ujumbe, nami kwa siku mbili nikailaumu betri bure. Kigeuzi cha umeme ndani yake kilishusha volti 12 za betri hadi 4 za modemu kwa transista inayowaka na kuzimika mara 500,000 kwa sekunde, kupitia koili (waya uliozungushwa kwenye kiini cha sumaku) ya mikrohenri 4.7, kipimo cha uwezo wake wa kuzuia mabadiliko ya mkondo. Kwa vipimo hivyo mkondo wa koili hupanda na kushuka kwa takriban ampea 1.1, nusu yake juu ya wastani na nusu chini, hivyo modemu inapovuta ampea 2 kilele hukaribia 2.6, ilhali koili niliyoichagua kwa udogo wake (kosa langu mwenyewe) ilihimili 1.8 tu. Kiini chake kilishiba sumaku, yaani hakikuweza kubeba sumaku zaidi, uwezo wa koili kuzuia mabadiliko ya mkondo ukaporomoka, mkondo ukaruka, na chipu inayoendesha kigeuzi ikajikinga kwa kukata umeme. Oskiloskopu ya kuazima, chombo kinachochora umbo la umeme kwenye skrini, ilionyesha pembetatu ya mkondo ikichongoka ghafla kileleni. Niliweka koili ya mikrohenri 10 inayohimili ampea 4. Kilele kikashuka hadi 2.3, na modemu ikatuma ujumbe bila kifaa kuzimika.