Kundi moja, viwango vitatu: violini zetu za Katuba

Katuba, Lubumbashi, Jumamosi ya kiangazi.

Leo kundi zima, wanaoanza, wa kati na wakubwa, limepiga wimbo wa re meja (wenye makao yake kwenye noti ya re) toka mwanzo hadi mwisho, hakuna mtoto aliyekaa kando akingoja zamu. Nilikuwa nalitafuta jambo hili tangu Pasaka.

Jibu lilikuwa kwenye nyuzi. Violini ina nyuzi nne: sol, re, la na mi. Alto (kubwa kidogo kuliko violini) na selo (kubwa zaidi, hupigwa mtu ameketi) zina do, sol, re na la. Basi sol, re na la zimo kwenye kila chombo. Na wimbo wa re unasimama juu ya akodi tatu, yaani mafungu ya noti zinazolia pamoja: re, sol na la. Besi zake zote, noti za chini kabisa, ni nyuzi wazi, zinazopigwa bila kubonyezwa! Mtoto aliyeshika upinde juzi, asiyejua bado kubonyeza kidole, anabeba msingi wa wimbo. Nimewaambia wakubwa: hawa wadogo hawawasindikizi, wao ndio nguzo za nyumba.

Wa kati wanapiga sauti ya wimbo. Kwenye violini, vidole vinakaa vilevile kwenye uzi wa re na wa la, cha pili kimebanana na cha tatu, hivyo anayejua re-mi-fa diezi-sol ameshajua la-si-do diezi-re (diezi ni noti iliyopandishwa nusu hatua).

Wakubwa wanapanda pozisioni ya tatu, yaani mkono unasogea juu zaidi kwenye shingo ya violini. Binti mmoja alikuwa anatafuta re kwa kidole cha kwanza kwenye uzi wa la, inatoka chini kidogo, kila mara ananiangalia usoni. Nikamwambia autazame uzi wa re wa violini yake. Akasogeza kidole polepole. Kilipofika penyewe, uzi ule wa re ukaitikia sauti, ukatetemeka bila kuguswa. Mdogo mwenye violini ya robo, ile ndogo ya watoto, akainama karibu na dada huyo: “Yaya, fanya tena!” Akafanya tena na tena. Sikio la binti limepata mwalimu wa kudumu.

Kiangazi kinakausha mbao, vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza. Chaki kidogo inasaidia.

Sasa naandika wimbo wa sol. Huo unadai akodi ya do, na violini haina uzi wazi wa do. Do nitawapa wadogo wa selo. Wale wa violini watabaki kwenye sol, maana sol imo ndani ya akodi ya do.