Kistari kilichomeza nusu ya safari ya Kakamega

"Dada, Kakamega yako hii iko wapi?" Kijana wa bodaboda anayenipelekea vifaranga aliniuliza hivyo, karatasi ya malipo mkononi. Nilikuwa nimemwandikia kilomita 21 kutoka Kisumu, na mita ya pikipiki yake ilikuwa imesoma zaidi ya 50. Nikamweleza kwamba jedwali langu hupima umbali wa moja kwa moja, kama arukavyo ndege. Hakubishana. Alisema tu, "Hata ndege hafiki kwa ishirini na moja." Maneno hayo yalinikosesha usingizi.

Nauza vifaranga wa siku moja. Wakikaa sana njiani juani hufa, kwa hiyo umbali kwangu unaamua nauli, saa ya kuondoka na idadi ya vifaranga katika kila katoni. Wateja hunitumia pini, yaani alama ya mahali walipo kwenye ramani, kwa WhatsApp, nami naandika latitudo na longitudo katika Excel. Fomula niliyotumia ni ya haversini, ya kupata umbali kati ya sehemu mbili juu ya dunia ya mviringo, ambayo mabaharia walikuwa nayo tangu zamani. Unachukua nusu ya tofauti ya latitudo, unaitafutia SIN, unaipiga kwa yenyewe. Longitudo unaifanyia vivyo hivyo, ila jibu lake unalizidisha kwa COS za latitudo zote mbili. Unajumlisha, unatafuta kipeuo cha pili, kisha ASIN, halafu unazidisha kwa mara mbili ya nusu kipenyo cha dunia (nusu kipenyo chenyewe ni kilomita 6,371). Kabla ya yote, digrii lazima zigeuzwe kuwa radiani, kipimo cha pembe ambacho Excel hutumia, la sivyo utapata majibu ya ajabu.

Hilo la radiani nilikuwa nimelizingatia. Nilirudia fomula mabano kwa mabano, nikaona ni nzima. Tena Ahero, Kericho na Nakuru zilikuwa zimetoka sawa. Nakuru ilinipa kilomita 148, nami naijua barabara yake kuwa ndefu kuliko hapo kwa kiasi kinachoeleweka. Mbona Kakamega peke yake?

Usiku huo nikaiacha Excel, nikachukua kalamu. Huku kwetu karibu na ikweta tuna bahati: digrii moja ni kama kilomita 111, ya latitudo au ya longitudo. (Kule London digrii ya longitudo imeshapungua hadi kama 69, ndiyo maana fomula inahitaji ile COS.) Kisumu na Kakamega ziko karibu kwenye longitudo moja, kwa hiyo inatosha kutazama latitudo. Kisumu 0.0917, Kakamega 0.2827. Nikatoa, nikapata 0.191, mara 111, kilomita 21. Kosa lilelile, sasa kwa mkono wangu!

Hapo nikafungua pini yenyewe kwenye simu. Kisumu haikuwa 0.0917. Ilikuwa -0.0917. Kile kistari nilikuwa nikikiona kama alama ya kutenganisha maandishi, nikikiruka kila nilipoandika. Kumbe ndicho kinachosema kusini. Ikweta inapita kati yetu na Kakamega, kule Maseno wameiwekea hata bango, na mimi nilikuwa nimeihamishia Kisumu upande wa kaskazini. Ahero, Kericho na Nakuru zote ni kusini kama sisi. Nilipoziondolea vistari zote, tofauti zilibaki zilezile, kosa likajificha. Kwa Kakamega ilipasa nijumlishe: 0.0917 na 0.2827 ni 0.3744, takriban kilomita 42.

Nilirudisha vistari kimoja kimoja. Oda mpya ya Mbale, Vihiga, iliyokuwa imesomeka kilomita chache tu, ikaruka hadi karibu 20. Sasa sinakili namba kwa mkono. Nazikopi zilivyo, na nina safu inayoandika "Kas" au "Kus" kulingana na alama, ili jicho lione haraka.

Kwa barabara kuu nazidisha jibu kwa 1.25. Kwa wateja wa Homa Bay sithubutu, maana mstari ulionyooka unavuka Ghuba ya Winam na pikipiki lazima izunguke kwa Ahero. Hao nawapimia kwa mita ya pikipiki.

Asubuhi nilimpigia yule kijana, nikamlipa tofauti ya safari zake zote za Kakamega. Alihesabu, akauliza, "Na kesho Dada, Mbale ni ngapi?" Nikamsomea.