Nilivyopunguza ada ya bima ya mbwa wangu

Barua ya kuhuisha bima ilipofika niliisoma mara mbili. Ada ilikuwa imepanda tena, ingawa mwaka mzima sikudai hata senti. Nilipouliza nikaambiwa ni umri: mbwa wangu ametimiza miaka 9, na matibabu nayo yamepanda bei.

Nilitaka kuhamia kampuni nyingine. Afadhali nilisoma masharti kwanza. Sikio lake la kushoto humsumbua mara kwa mara, utamwona akitikisa kichwa mpaka masikio yanampiga mashavuni, na bima mpya kwa kawaida hailipii ugonjwa uliokuwepo kabla.

Basi nikabaki, nikapiga simu. Nilikubali kuongeza kiasi ninachojilipia mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa, nikaondoa nyongeza ya chanjo na uchunguzi wa kawaida. Nilipopiga hesabu, nyongeza hiyo ilinigharimu zaidi kuliko huduma zenyewe. Kikomo cha matibabu makubwa, yaani kiasi cha juu kabisa ambacho bima hulipa, sikukigusa, maana upasuaji ndio unaofilisi watu. Nikalipa ada ya mwaka mzima kwa mkupuo, kwa sababu malipo ya kila mwezi yalikuwa na riba.

Ada ilishuka hadi karibu na ya mwaka uliopita. Kila mwezi naweka akiba kidogo, ya sikio lile.