Nargis, machozi ya jana
Jana usiku mimi na mama yangu tumeirudia Mother India (1957), filamu ya Kihindi ambayo Nargis anaigiza Radha. Pale Radha anapomlenga bunduki Birju, mwanawe wa kumzaa, mama alinyamaza, kanga mdomoni. Mimi machozi yalinitoka kabisa. Nargis alikuwa hajafika hata miaka 30, lakini uzee wa Radha unauamini mpaka kwenye mabega! Moto ulipomzingira wakati wa kupiga picha, aliyemwokoa ni Sunil Dutt, yule yule aliyeigiza Birju. Mwaka 1958 wakaoana. Saratani ilimchukua Nargis Mei 1981, siku chache tu kabla haijatoka filamu ya kwanza ambayo mwanawe Sanjay ni stelingi. Hilo linaniuma sana. Mama kasema Ijumaa tuangalie Awara, filamu nyingine ya Nargis.