Harufu ya bangi Kanada: angalia tarehe kabla ya jina

Kanada ilihalalisha bangi tarehe 17 Oktoba 2018, na Mwafrika Mashariki anayefika huku huikuta dukani ndani ya kopo lililofungwa, yenye jina la mbwembwe na kiwango cha THC, yaani kemikali inayolevya, kimeandikwa. Wengi huchagua kwa kiwango hicho. Wanakosea, kwa sababu THC yenyewe hainukii. Harufu na ladha hutoka kwenye mafuta mepesi yaitwayo terpini, yanayotengenezwa na vinywele vyenye utomvu vilivyolifunika ua.

Ukizijua terpini tano au sita, pua yako itaanza kuelewa inachokutana nacho. Mirsini ndiyo ya udongo na miski, yenye utamu wa mbali wa embe, na embe nayo ina mirsini. Limonini ni ya ganda la limau. Pinini ni utomvu wa msonobari. Linaluli ni ya maua, ileile inayotawala kwenye mlavenda. Kariofilini hukereketa puani kama pilipili manga, na si ajabu, kwa kuwa imo humo na kwenye karafuu pia. Tapinolini ni ngumu kuieleza: ina utomvu, tunda na maua kwa pamoja, na ukishaikamata mara moja hutaisahau.

Lakini ule mnuko mzito wa kicheche, unaopenya mlango na kumfikia jirani, terpini haziutoi peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021 uliuhusisha na michanganyiko ya salfa, hasa mmoja ambao pia huiharibu bia iliyopigwa na mwanga. Kiasi chake ni kidogo mno, ila pua ya binadamu huukamata upesi. Ndiyo maana mifuko miwili yenye terpini zinazokaribiana huweza kunuka tofauti kabisa.

Jina la aina nalo lisikupumbaze. Wakulima wawili wanaweza kuuza jina moja na harufu zisifanane, kwa sababu mmoja alipanda vipandikizi vya mmea mama na mwingine mbegu, au mmoja alikausha kwa pupa. Hapo kwenye kukausha ndipo mazao mengi huharibika. Ua linataka nyuzi 18 hadi 20 za selisiasi, unyevu wa hewa wa asilimia 55 hadi 60, giza, na siku 10 hadi 14. Likikaushwa kwa joto ndani ya siku tatu, terpini nyepesi huruka na linabaki na harufu ya nyasi kavu. Likifungiwa kwenye chupa lingali bichi ndani, bakteria hulianza na unasikia amonia. Harufu ya amonia au ya uvundo wa ukungu haina mjadala: usivute, rudisha au tupa.

Kwa kuwa kopo halifunguliwi dukani, kitu cha maana kusoma ni tarehe ya kufungashwa. Chini ya miezi mitatu ni nzuri. Ikikaribia mwaka, mimi nisingenunua. Limonini, pinini na mirsini hutangulia kuondoka, kariofilini hubaki nyuma, na ndiyo sababu bangi kuukuu karibu zote hunukia pilipili na mbao. Sheria haimlazimishi mtengenezaji kuandika terpini, kwa hiyo anayeziandika kwa asilimia anakupa taarifa ya ziada.

Nyumbani ihamishie kwenye chupa ndogo ya kioo inayojaa karibu yote, uweke pakiti ya kudhibiti unyevu ya asilimia 58 au 62, kisha kabatini penye ubaridi. Wakati wa baridi hita hukausha hewa ya nyumba, na ua lililoachwa wazi huvunjika kuwa unga baada ya siku chache. Friza haifai kwa bangi unayoishikashika, maana vinywele huwa vikavu na kukatika. Saga kiasi cha kutumia muda huohuo tu. Anayetumia kifaa cha kufukiza bila moto aanze na nyuzi 165 hadi 180. Ladha yote iko hapo. Ukifika 210, unapata mvuke mwingi wenye ladha ya kuungua.

Soma mkataba wa nyumba pia, kwa sababu wenye nyumba wengi wanakataza moshi, na harufu hupita kwenye mabomba ya hewa. Ndani ya gari iwe imefungwa, mbali na mkono wa dereva. Ukisafiri nje ya nchi acha kila kitu, hata kama unakwenda jimbo la Marekani lililoihalalisha: kuvusha mpaka ni kosa la jinai. Na kagua begi vizuri, kwani kisagio kisichooshwa hubaki na utomvu, na mbwa wa forodha hawahitaji zaidi ya huo.